Mabomba Saba na Mafuta ya Waridi

Juni 3

Mume wangu amenipa daftari hili. Naandika tena: mume wangu. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu tuoane, na bado neno hilo likinitoka natazama pembeni kuona kama kuna aliyenisikia. Ni daftari la kazini kwao. Kurasa zina vimraba, na juu ya kila ukurasa kuna mahali pa tarehe, pa saini na pa hali ya hewa. Amesema nitachoka kukaa peke yangu mchana kutwa, basi niandike. Hali ya hewa leo: jua, upepo unavuma kuja kwetu, mapenzi tele.

Nyumba yetu ni chumba na sebule, ya tisa katika safu ya nyumba kumi na mbili za wafanyakazi. Dirisha la jikoni linatazama uwanda mtupu, na mwisho wa uwanda upo mnara wa chuma. Hapo ndipo roketi itakaposimama. Inatakiwa iruke kabla ya mvua.

Juni 5

Nimemuuliza roketi yao ikoje hasa, na asinieleze kama mtoto, maana nimemaliza kidato cha nne na fizikia sikuanguka. Akachukua penseli saba akazifunga kwa mpira wangu wa nywele.

"Wenzetu wanajenga jitu moja kubwa," akasema. "Sisi tunatengeneza bomba moja jembamba, refu kama nyumba ya ghorofa tatu. Kisha tunatengeneza la pili lililo sawasawa nalo, na la tatu, mpaka saba. Tunayafunga pamoja kama mzigo wa miwa. Kila bomba lina tangi lake la mafuta ya taa, tangi lake la asidi, na injini yake chini. Mafuta na asidi vikikutana ndani ya injini, vinawaka, na safari inaanza. Setilaiti ikiwa nzito, unaongeza mabomba."

"Na wewe humo unafanya nini?"

"Nafunga vali."

"Ni hatari?"

"Ni kama kufunga koki ya jikoni," akasema, akanibusu kwenye paji la uso. Nilikuwa na furaha mno kubishana naye.

Juni 6

Amerudi saa kumi na moja. Nilivaa gauni la kijani. Chakula kilipoa na hakuna aliyelalamika.

Juni 13

Upepo bado unakuja kwetu. Nimempata rafiki: jirani wa nyumba ya nane, Mama Pacha, mwenye mabinti wawili wa miaka minne wanaofanana mpaka mama yao amewafunga utepe mkononi, mmoja mwekundu na mwingine mweupe. Mumewe anaitwa Mrefu, na ukimwona huulizi kwa nini. Anafanya kazi bega kwa bega na mume wangu. Huko kazini mume wangu wanamwita Bwana Harusi. Kwa hiyo mimi hapa safuni ni Bibi Harusi, na hata muuza duka hanijui kwa jina lingine.

Tulikuwa tunaanika nguo, Mama Pacha akaniambia, "Bibi Harusi, ikifika siku ya kujaza usiwashe jiko. Hata kiberiti. Wanangoja upepo utoke kwetu uende uwandani. King'ora kikilia mara tatu tunafunga madirisha."

"Kujaza nini?"

"Asidi, mdogo wangu. Wanaume wetu si ndio wanaojaza? Anayefunga vali ndiye anayeifungua. Inatoa moshi wa rangi ya kutu, na moshi huo ukiuvuta, unajiona mzima siku ile, kesho yake mapafu yanajaa maji." Kisha akanitazama usoni, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa. "Hakukuambia?"

Nilisema ameniambia. Nilianika shati lake upande wa ndani nje na sikujua mpaka lilipokauka.

Juni 14

Nimemkabili. Akacheka, akasema Mama Pacha akikuelezea mafua utadhani ni msiba. Ana suti ya mpira, ana kofia yenye kioo, ana watu wa mipira ya maji nyuma yake. "Na nina wewe," akasema, "nikafie wapi?"

Ni maneno matamu. Lakini neno "nikafie" ndilo nililobaki nalo.

Juni 22

Mikono yake. Lazima niandike kuhusu mikono yake. Ina vidole virefu, kucha safi, na kidole gumba cha kulia kina uwezo ambao wenzake wote wanausifu. Ndani ya vali kuna pete nyembamba ya kuzibia. Pete ikikaa upande hata kwa unene wa unywele, vali itavuja. Wenzake wanaitazama kwa kioo cha kukuza. Yeye anavua glavu, anaipitishia ncha ya kidole, na anajua. Hapaswi kuvua glavu, ameniambia kwa sauti ya mtu anayejisifu huku akijilaumu, lakini hajakosea hata mara moja.

Sasa ngozi imepasuka kwa sababu ya sabuni ya kazini na poda ya glavu. Jana alinishika shavu likakwaruzika. Nimenunua mafuta ya nazi yenye harufu ya waridi. Leo asubuhi, kabla hajaondoka, nimempaka mikono yote miwili, kidole kimoja kimoja, yeye akiwa amefumba macho kama paka juani. Nikamwambia hii ndiyo itakuwa desturi yetu. Akasema sawa, atanawa tu getini.

Mchana ameanza kufunga vali za bomba la tatu. Anavyonisimulia kila jioni amefanya bomba gani, hata mimi sasa ni fundi.

Juni 23

Nimempaka. Bomba la tatu bado.

Juni 25

Nimempaka. Bomba la tatu limekwisha. Ameniambia mikono yangu ndiyo kiwanda chake. Nimecheka nikiwa peke yangu jikoni mpaka Mama Pacha akagonga ukuta.

Julai 2

Nimempaka. Mmoja wa pacha, mwenye utepe mweupe, ameamka na homa kali. Mrefu na mkewe wamekimbia naye hospitali na kurudi alasiri. Kumbe kazini bomba la nne lilikuwa zamu ya Mrefu, basi mume wangu amemfungia vali zake zote, na Mrefu alipofika akaweka saini yake mwenyewe ili asihesabiwe hakuwapo. Mtoto amepoa. Nimefurahi kuolewa na mtu wa namna hii.

Julai 8

Nimempaka. Bomba la tano limekwisha. La sita na la saba ni zamu ya Mrefu. Upepo bado.

Julai 10

Leo nimemwona dukani yule mwanamke ambaye mume wangu humsema kila jioni. Ni mkaguzi wao. Hakuna kitu kinachofungwa ambacho yeye hakipitii, na akishakipitia anasema neno moja tu, "Tena." Basi wanafungua, wanasafisha, wanafunga upya. Wanaume wamembandika jina Mama Tena. Mume wangu anamwigiza vizuri, anakaza shingo na kushusha miwani. Nilimcheka sana nyumbani, lakini dukani sikucheka. Ni mwembamba, ana mvi kidogo, kola yake imefungwa mpaka juu. Alikuwa ananunua sabuni isiyo na harufu.

"Wewe ndiye mke wa Bwana Harusi," akasema.

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba." Akanitazama kama anayetafuta ufa kwenye sahani, akaondoka. Nimekasirika mpaka sasa. Kila asubuhi huyo ndiye anayekagua mikono ya mume wangu getini, anaigeuza juu chini. Mikono hiyo nina haki nayo mimi.

Julai 19

Leo wamejaribu injini ya bomba la kwanza peke yake, limefungwa chini kwa minyororo. Vali za bomba hilo zilifungwa kabla sijaja hapa. Upepo ulibadilika alfajiri, ukawa unatoka kwetu kwenda uwandani, na king'ora kikalia. Majiko yakazimwa. Tulikula mkate mkavu.

Nilisimama dirishani. Kwa mbali niliona watu wawili wenye suti za njano, wadogo kama njiti, mmoja mrefu kuliko mwenzake, wakiwa wameinama kwenye bomba. Halafu moshi ukatoka pembeni mwao. Si mwingi. Rangi ya kutu, kama alivyosema Mama Pacha. Unatambaa chini, haupandi. Yule mfupi hakurudi nyuma. Nilitaka arudi nyuma. Nilisema kwa sauti, rudi nyuma, baba, rudi nyuma, na vioo vya dirisha vikafunikwa na pumzi yangu nisimwone tena.

Injini ilipowaka nilihisi kwenye meno. Sekunde thelathini, kisha kimya.

Amerudi ananuka kitu cha kukereketa koo. Soksi moja ina tundu linalopita upande mpaka upande, ukingo wake wa manjano. Hakujua limetoka wapi. Anacheka, anakula, anasimulia. Mimi nimeshika soksi.

Julai 20

Nimempaka. Nilikawia kuiachia mikono yake, akadhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi pia.

Julai 29

Mabomba saba yamefungwa pamoja na kusimamishwa mnarani. Jioni yanang'aa. Nilipaswa kuona uzuri.

Agosti 1

Mrefu amesimamishwa kazi.

Mama Tena ana taa ya zambarau. Ukimulika chuma nayo, mafuta yoyote yanang'aa. Kabla mabomba hayajafungwa pamoja alikuwa ametoa vali chache za kupima, na jana ndipo alipomulika ile ya bomba la nne. Upande wa asidi, ndani kabisa, ameona alama ya kidole. Mume wangu amenieleza akiwa amesimama, chakula hakukigusa. Asidi ile ikikutana na mafuta mahali pasipotakiwa, hata alama ya kidole, inaweza kushika moto papo hapo, na tangi zima lipo juu yake. Saini kwenye karatasi ni ya Mrefu. Mrefu hakujitetea hata kwa neno moja. Angejiteteaje? Angesema hakuwapo, na saini?

"Wewe ndiye uliyefunga lile bomba," nikasema.

"Mimi nanawa."

"Unanawa sawa. Lakini kidole ni chako."

"Nanawa getini kwa sabuni, mke wangu, kila siku, na Mama Tena ananikagua. Alama hiyo yaweza kuwa ya mtu yeyote aliyeishika vali huko ghalani ilikotoka." Akaenda kuoga.

Agosti 2

Jumapili. Nimefanya jaribio kama tulivyofanya maabara shuleni. Nimempaka mafuta. Nimempa ile sabuni ya kazini, anawe mara mbili, ajikaushe. Kisha nikamwambia chukua hiyo bilauri, shika kwa kidole gumba. Nikainyanyua dirishani, juani.

Ilikuwapo. Mistari yote ya kidole chake, imezunguka kama njia za konokono. Nilimwambia anawe tena. Ikaja tena, hafifu zaidi, lakini ikaja.

Alinipokonya bilauri akaigeuza juani. Niliweza kumsikia mtoto wa jirani akilia kudai ndala zake.

"Bomba la tatu," nikasema. "Na la tano. Yote ulikuwa na mafuta yangu mikononi."

"Ile ya nne wameisafisha. Mama Tena alitaka wafungue yote saba. Mkuu wa kituo amemkatalia. Kufungua ni siku kumi, na mawingu hayo yanakuja. Amemwambia lete sababu. Kosa ni la mtu mmoja na ameshaondolewa."

"Basi mpeni sababu."

"Nikisema nilivua glavu, na nilimfungia mtu akatia saini ya uongo, mimi nimekwisha hapa. Na Mrefu naye amekwisha. Hatusimamishwi, tunafukuzwa." Alinishika mabega. "Labda hakuna kitu kwenye la tatu na la tano. Nilinawa."

"Na nani atafungua vali hizo siku ya kujaza?"

Alikuwa ameshageukia dirisha. "Mimi," akasema.

Agosti 3

Upepo unakuja kwetu. Mungu aubakize hivyo hivyo.

Agosti 4

Upepo unakuja kwetu. Sikumpaka. Hajaniomba. Chupa ipo juu ya kabati na sithubutu kuigusa. Siwezi kumtazama Mama Pacha. Ameniletea bamia, na akanishukuru kwa sababu nimetulia, hivyo alisema, nimetulia kama dada yake.

Agosti 5

Saa nane mchana bendera ya mnarani ilining'inia bila kucheza. Saa tisa ikaanza kugeuka. Nilikuwa nakata vitunguu, nikaiona inageuka polepole, kama mtu anayekuja kukuangalia usoni. Amerudi akasema kesho asubuhi tunajaza. Alisema kwa sauti ya kawaida. Halafu akaanza kupanga nguo zake kabatini, yeye ambaye hajawahi kukunja hata leso.

Agosti 6

Naandika yote, kwa mpangilio.

Aliondoka saa kumi na mbili. Nilimkumbatia mlangoni mpaka akasema, "Taratibu, nitachelewa." Nilimsubiri apotee kwenye kona. Nikavaa viatu. Nikachukua chupa ya mafuta, nikaondoka, nikafika nyumba ya kumi na mbili, nikarudi kuchukua daftari hili.

Sijui mbio za kilomita mbili zinakimbiwaje na gauni. Getini mlinzi akaniambia, "Shemeji, leo wageni hawaruhusiwi, leo ni siku ya kujaza." Nikamwambia namtaka Mkaguzi, na asiponiitia nitakaa hapo barabarani mbele ya lori la asidi. Lori lilikuwa linakuja kweli, jeupe, taa zimewashwa ingawa kumeshakucha. Akapiga simu.

Alikuja akitembea, hakukimbia. Nikamwonyesha chupa. Nilidhani nitalia na sikulia.

"Nilikuwa nampaka mume wangu mikono kila asubuhi," nikasema. "Ananawa lakini hayatoki. Nimepima kwa bilauri. Na kidole gumba hakivai glavu."

Hakunipigia kelele. Aliifungua chupa, akanusa. "Kuanzia lini?"

"Juni."

"Juni tarehe ngapi, binti? Siku gani na bomba gani?"

Nikampa daftari. Sikuwa na njia nyingine. Alishusha miwani akaanza kusoma pale pale getini, akaanzia mwanzo kabisa. Alisoma siku ya gauni la kijani. Alisoma kidole kimoja kimoja na paka juani. Alisoma kiwanda chake. Nilikuwa tayari ardhi inimeze. Alifika mahali yeye mwenyewe anapoitwa mwembamba, na kola yake, na jina lake, na akageuza ukurasa kama wengine wote. Alitoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake: 22, 23, 25, bomba la tatu. Julai 2, la nne. Julai 8, la tano.

Kwenye Julai 2 alikaa zaidi. "Mrefu alikuwa hospitali," akasema.

"Mtoto alikuwa na homa."

"Sikuulizi kwa nini." Akalirudisha daftari mkononi mwangu. "Nimeomba sababu hii siku sita. Nilijua ipo, sikujua ipo jikoni kwa watu." Akamgeukia mlinzi. "Zuia lori."

Lori lilisimama mbele yangu, karibu mno, injini inaunguruma. Kutoka ndani ya tangi lake nilisikia kitu kikicheza polepole.

Agosti 7

Amelala ameangalia ukuta. Hakuniita jina lolote.

Agosti 9

Upepo safi kabisa wa kujaza, na hakuna anayejaza. Dukani wananipisha. Muuza duka ameniuliza, "Bibi Harusi, mvua ikitukuta utatulipa wewe?"

Agosti 11

Wamefungua bomba la tatu. Mama Tena amemwita mume wangu asimame pembeni yake wakati anamulika. Amerudi saa saba mchana, saa ambayo hajawahi kurudi. Akakaa kwenye kiti changu cha jikoni.

"Karibu na mdomo wa vali ya asidi," akasema. "Kidole gumba. Kizima, kama nilikichovya kwenye wino."

Nikasubiri.

"Kwenye la tano hakuna kitu."

Nikasubiri tena. Aliweka kichwa mezani. Nilitaka kumshika shingoni, nikaogopa, nikamshika.

Agosti 12

Uamuzi umetoka. Hawakufukuza mtu, kwa kuwa mafundi wa vali hawaokotwi njiani. Mrefu amepewa onyo la maandishi kwa ajili ya saini, na amerudishwa kazini leo hii. Mume wangu haruhusiwi kugusa vali msimu huu. Amewekwa kwenye mipira ya maji, nyuma ya ukuta wa zege, mita mia mbili. Atakayefungua asidi ya mabomba yote saba ni Mrefu.

Nilikwenda kwa Mama Pacha na furaha yangu yote. Nikamwambia dada, wamemrudisha, jina lake limesafishwa. Alikuwa anamsuka yule mwenye utepe mwekundu. Hakusimamisha mikono.

"Najua," akasema. "Siku kumi na moja hizi nimelala usingizi kama mtu aliyekufa. Alikuwa hapa nyumbani, amenuna, anarekebisha viti visivyovunjika. Nilikuwa naomba wasimrudishe kamwe." Akafunga msuko. "Umemtoa wako ukamrudisha wangu."

"Dada, mimi sikujua..."

"Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, na mbio zaidi. Ila leo usikae hapa."

Agosti 15

Upepo unakuja kwetu. Mawingu upande wa kusini.

Agosti 17

Mawingu. Mume wangu amesema "asante kwa chai". Ni maneno matatu.

Agosti 19

Alfajiri upepo uligeuka. King'ora. Nilizima jiko, nikafunga madirisha, nikaenda nyumba ya nane bila kugonga. Mama Pacha hakunifukuza. Tulikaa sakafuni chini ya dirisha, pacha katikati yetu wakila biskuti.

Nilidhani hofu itakuwa imepungua. Mume wangu yuko nyuma ya ukuta, ana maji, ana zege. Lakini nilipochungulia na kumwona mtu mmoja tu wa njano pale chini ya mabomba, mrefu, ameinama, peke yake, nilianza tena kunong'ona rudi nyuma, rudi nyuma, kama siku ya jaribio. Bomba la kwanza. Moshi ukatambaa, akasimama ndani yake. La pili.

"Yuko la ngapi?" Mama Pacha akauliza. Yeye hakutaka kutazama.

"La pili amemaliza."

"Niambie akifika la tatu."

Alifika la tatu. Nilimwambia. Alinishika kifundo cha mkono, kucha zikaingia, na sikuvuta. Dakika nne. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Mtu wa njano alihamia la nne.

"Amepita," nikasema.

Akaanza kulia bila sauti, na mwenye utepe mweupe akamwekea biskuti mdomoni.

Saa nne na robo Mrefu alimaliza la saba, akarudi nyuma ya ukuta. Saa tano roketi iliwaka. Sina lugha yake. Mwanga ulikuja kwanza, ukuta wa jikoni ukawa mweupe, kisha sauti ikaingia kwenye mbavu na vikombe vikaanza kutembea rafuni. Mabomba saba yalinyanyuka pamoja. Juu kabisa moja lilizimika mapema, niliona mkia wake ukikatika, nikadhani yote yanaanguka. Sita yakaendelea. Ikawa nukta, kisha hakuna kitu.

Mrefu alitembea mpaka nyumbani, suti begani, macho mekundu. Mama Pacha alivua ndala akampiga nayo kifuani mara tatu, nne, mpaka alipomshika mikono.

Agosti 20

Setilaiti imefika, chini kidogo ya ilivyopangwa kwa ajili ya lile bomba lililozimika, lakini inazunguka. Wanacheza muziki ofisini. Kwetu kimya.

Agosti 23

Mvua ya kwanza inakaribia. Mama Tena amekuja nyumbani, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye safu hii. Nilimkaribisha kiti, nikamwekea chai, akanywa nusu. Nilimtazama kola yake na safari hii niliona ndani yake kovu, kubwa, la manjano, linaloshuka mpaka sijui wapi.

"Roketi ijayo ni mabomba kumi na tisa," akamwambia mume wangu. "Tunaanza mvua ikiisha. Nataka urudi kwenye vali. Kufunga na kujaza."

Mume wangu alinitazama. "Muulize na mke wangu."

"Simuulizi mke wa mtu kazi ya mtu. Nakuuliza wewe. Watu wanaojua kufunga ninao. Aliyekwisha kuona kidole chake kwenye taa yangu nina mmoja."

Nilikuwa nimeshika birika. Nilitaka aseme hapana. Nilitaka sana, niliuma ulimi. Mabomba kumi na tisa ni vali thelathini na nane, mbili kwa kila bomba, nimezihesabu papo hapo.

"Nitarudi," akasema.

Mama Tena akanyanyuka, akaniambia asante kwa chai, akaondoka na mwavuli wake bila kuufungua.

Nilitoka kuanua nguo. Mvua ilinikuta kwenye kamba, matone makubwa, nami nikaendelea kutoa vibanio kimoja kimoja. Alinifuata. Alisimama upande wa pili wa shuka, namwona miguu tu.

"Ninaogopa," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri kwa ajili ya mvua. Nikaishusha shuka. Nywele zake zilikuwa zimelala kwenye paji la uso, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye sikuwahi kumwona. Tangu Juni nimekuwa nikiogopa peke yangu nyumba nzima.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu roketi ya kwanza, kabla sijakujua. Kila mara. Siku ile ya soksi nilitapika nyuma ya ukuta."

Tulisimama tukilowa, shuka katikati yetu imeshakuwa nzito. Kisha akashika ncha moja, mimi nyingine, tukaikamua, yeye akizungusha kulia na mimi kushoto, mpaka maji yakaacha kutoka.